Sala Mbele ya Glasi

Wafanyakazi wa kiwanda kile cha kufulia mashuka walimjua Mama Mvuke kwa mgongo kuliko kwa uso. Ukipita mlangoni pa chumba cha boila ungemkuta amekupa kisogo, kitambaa kimembana nywele, midomo inacheza. Mbele yake limesimama pipa la chuma kubwa kama chumba cha kulala, linalochemsha maji kwa moto wa kuni na kusukuma mvuke hadi kwenye mashine za kufulia na pasi kubwa za upande wa pili wa ukuta. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, pamoja na glavu zake, koleo lake na sala yake.

Sala yenyewe ilikuwa fupi. "Mungu, ulinde moto huu, uyalinde maji haya, uwalinde walio nyuma ya ukuta, na jioni utufikishe tukiwa wazima." Aliisema mara tatu, polepole, kila alipoingia zamu, mkono wake ukiwa kwenye koki ya chini ya glasi.

Glasi hiyo ndiyo jicho la boila. Ni mrija mwembamba uliobanwa ubavuni mwa pipa, nao unaonyesha maji yamefika wapi huko ndani ya chuma. Yakipungua mno, chuma kinabaki uchi juu ya moto, na chuma uchi hakina subira na mtu. Kwa hiyo kila zamu koki ya chini hufunguliwa, maji na mvuke vikafoka na kusafisha njia, kisha hufungwa, na mtu anasimama kutazama maji yakirudi. Mama Mvuke alifungua, akasali mara tatu, akafunga. Maji yakapanda yakichezacheza. Miaka kumi na mmoja, hivyo hivyo.

"Shemeji, Mungu kasemaje leo?" angeuliza mdogo wa mumewe, fundi mwenzake wa zamu. "Au bado anashughulikia maombi ya jana?"

"Kasema uoge."

Huyu shemeji wenzake walimwita Ushahidi, maana humwambii jambo asikuulize ushahidi uko wapi. Mwambie mvua inakuja, atatoka nje aangalie mwenyewe. Hakuzaliwa hivyo. Zamani ndiye aliyeongoza nyimbo katika nyumba yao ya ibada, sauti kama kengele. Kisha mwanawe wa pekee akaugua. Ndugu na majirani waliomba siku arobaini, kwa zamu kama za kiwandani, na Mama Mvuke alikuwa wa zamu ya alfajiri. Siku ya arobaini na moja mtoto akafariki. Baada ya mazishi Ushahidi alirudisha kitabu cha nyimbo, akashukuru watu wote mmoja mmoja, na hakukanyaga pale tena.

"Na maji ya ndani ya boila uliyaona lini?" Mama Mvuke alimchokoza siku moja. "Si unaamini tu kwamba yamo?"

"Nayaona kwenye glasi, shemeji. Nionyeshe glasi ya Mungu, kesho utanikuta mlangoni pa nyumba ya ibada kabla yako."

Neno lile lilimchoma Mama Mvuke kama mwiba wa samaki. Mwezi uliofuata kulipotangazwa maombi ya siku tisa, ya kufunga, aliomba ruhusa kwa meneja akaenda. Hakumwambia mtu alichokwenda kuomba. Boila akamwachia Ushahidi peke yake.

Siku ya kumi, saa nane mchana, alirudi. Alikuwa amekonda kidogo, begi bado lipo begani. Alipita chumba cha pasi, ambako wanawake kumi na wawili walikuwa wamesimama mstari mmoja wakinyoosha mashuka, na mkuu wao, Bibi Pasi, ambaye ulimi wake ulikuwa moto kuliko pasi, akampokea.

"Haya, mwenye laini ya moja kwa moja karudi. Umetuombea mshahara?"

"Nimewaombea mpunguze maneno."

"Hiyo haijibiwi, dada yangu. Ungefunga mwaka mzima."

Wanawake wakacheka, naye akacheka, akausukuma mlango wa chumba cha boila. Kicheko kikamfia hapo hapo.

Kulikuwa na harufu. Harufu ya kuni aliijua, na ya masizi, na ya sabuni iliyokuwa ikipenya ukutani. Hii ilikuwa ya rangi inayoungua, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Akatazama glasi. Maji yalikuwa nusu, palepale yanapotakiwa kuwa. Ila yametulia. Maji ya boila inayofanya kazi yanahema, yanapanda na kushuka kidogo kama kifua cha mtu aliyelala. Haya yalikuwa kama maji ya kwenye picha.

"Karibu nyumbani," alisema Ushahidi, ameketi juu ya rundo la kuni. "Kila kitu sawa. Maji nusu."

"Mara ya mwisho ulisukuma maji lini?"

"Saa nne asubuhi. Toka hapo glasi haijashuka hata unywele. Labda ni baraka zako."

"Koki umeifungua?"

Ushahidi alitazama viatu vyake.

"Shemeji, nakuuliza. Koki umeifungua?"

"Si leo."

Mama Mvuke aliliacha begi lidondoke. Akaishika koki, akafungua. Yakatoka maji machache, halafu mvuke mkavu ukafoka. Akasali mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, asiruke hata neno. Akafunga. Wote wawili wakasogeza nyuso kwenye glasi.

Hakikurudi kitu. Glasi ilibaki tupu, na nyuma yake ukuta ukaonekana.

Kumbe njia ya chini ilikuwa imeziba kwa tope, na yale maji yaliyokuwa yamekaa kwenye glasi yalikuwa jasho la mvuke tu. Maji ya kweli, yale ya kwenye pipa, hakuna aliyejua yameshuka hadi wapi.

Ushahidi aliruka kuelekea swichi ya pampu. Mama Mvuke alimdaka ukosi wa shati.

"Usiguse pampu."

"Maji yameisha, shemeji, tuongeze haraka..."

"Ukikimwagia maji baridi chuma kilichoiva, tunaruka nacho, sisi na wale wa ukuta wa pili. Zima feni ya moto. Leta mchanga."

Aliongea kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Ushahidi kuliko kelele. Mama Mvuke alinyanyua koleo akagonga ukuta mapigo matatu, akanyamaza, akagonga tena matatu. Ilikuwa ishara waliyokubaliana na wanawake wa pasi miaka mingi iliyopita, na haikuwahi kutumika. Upande wa pili sauti ya Bibi Pasi ikasikika: "Acheni kila kitu. Tokeni. Mwenye viatu na asiye na viatu, tokeni."

Walimwaga mchanga juu ya moto, koleo baada ya koleo, kutoka kwenye mapipa mawili ya mchanga yanayokaa mlangoni. Joto liliwachuna nyuso. Moto ulififia, ukatoa ulimi wa mwisho, ukafunikwa. Wakafunga mlango wa tanuri na kipitisho cha hewa, wakatoka nje, wakajibanza nyuma ya ukuta wa magogo. Kutoka hapo, kupitia mlango wa chumba ulioachwa wazi, waliuona mshale wa geji ya mvuke. Ulisimama kwenye sita.

"Nenda kwa wenzio huko uani," alisema Mama Mvuke.

"Na wewe?"

"Lazima mtu autazame ule mshale. Ukishuka, moto umekufa. Ukikaa palepale, moto bado una roho, na mtu itabidi arudi na mchanga."

"Basi tutautazama wawili." Ushahidi alijifuta jicho kwa bega. "Kaka alisema mtu angoje kiasi gani?"

"Sala mara kumi."

Simu zao zilikuwa kabatini, maana ndani ya chumba kile haziruhusiwi. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa kwenye tatu na robo miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyeizika. Mama Mvuke alifungua kinywa. "Mungu, ulinde..." Maneno yakakatika. Alijaribu tena, yakakatika hapo hapo. Siku tisa alikuwa ameongea na Mungu tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na sasa ulimi ulikuwa kama gogo.

Ushahidi alimtazama. "Huko siku tisa ulikuwa unaombea nini, shemeji?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Urudi."

Mshale ulikuwa kwenye sita.

"Kwa hiyo ulikuwa huko unaniombea," alisema Ushahidi polepole, "na huku glasi inaziba."

"Na wewe ulikuwa huku unaiacha izibe. Tukipona tutapigana vizuri. Kwa nini hukufungua koki?"

"Nikiishika ile koki naisikia sauti yako. Nikisikia sauti yako nazisikia zile siku arobaini. Nilikuwa nafungua na kufunga, sekunde mbili, basi. Halafu nikaona maji yako palepale tu kila siku. Nikasema, ya nini. Siku tatu sijaigusa." Akautazama mshale. "Niliiamini glasi."

Ndani ya pipa kitu kikalia, mlio mrefu wa chuma kinachojinyoosha. Wote wawili wakainamisha vichwa. Kikanyamaza.

"Hesabu," alisema Mama Mvuke. "Mimi siwezi. Hesabu wewe."

Ushahidi alianza: moja, mbili, tatu. Akafika kumi na saba, akapotea. Akaanza upya, akapotea kumi na mbili. Hofu inakula namba. Akashika kichwa, akafumba macho, na alipofungua kinywa tena ilitoka ile sauti ya zamani, iliyokuwa ikiongoza nyimbo, ila sasa kwa chini sana.

"Mungu, ulinde moto huu. Uyalinde maji haya."

Alikuwa nayo nzima, na vituo vyake vyote, kama alivyokuwa akiisema kaka yake. Mara moja. Mara mbili. Mama Mvuke hakuuondolea macho mshale. Mara ya tano, alipofika kwa walio nyuma ya ukuta, sauti ilimpasuka, akakohoa, akaendelea palepale alipoachia. Mara ya saba mshale ulitetemeka. Mara ya tisa uliachana na sita. Alipomaliza ya kumi ulikuwa umelala kwenye tano na nusu, na Mama Mvuke akaketi chini mchangani miguu imenyooka kama mtoto.

Walikaa hapo hadi jioni, mshale ulipogusa sifuri. Hawakupigana.

Kesho yake chuma kilipopoa, mkaguzi alikuja akafungua boila. Alichokonoa kwenye njia ya glasi tope gumu kama kipande cha sabuni. Alimulika ndani kwa tochi, akasema bamba la juu ya moto limebadilika rangi lakini limeshika. Pale uani kila mtu alikuwa na lake.

"Mungu huyo," alisema Bibi Pasi. "Mama Mvuke karudi siku ileile, saa ileile."

"Ni mchanga," alisema mkaguzi.

"Ni uzoefu wa mama huyu," alisema meneja.

"Na uzoefu alipewa na nani?" aliuliza Bibi Pasi.

"Na tope liliwekwa na nani?" alidakia mkaguzi.

Bibi Pasi akainua mikono. "Mimi ni mtu wa pasi tu," alisema.

Meneja akaagiza daftari la zamu. Mama Mvuke alilifuata mwenyewe, maana alijua kitakachoulizwa na nani atafukuzwa. Alifungua ukurasa akiwa ameshatunga uongo. Akakuta mwandiko wa Ushahidi, wa asubuhi ileile: *Koki haikufunguliwa siku tatu. Kosa ni langu.* Uongo wake ukakosa pa kukaa. Meneja alisoma mara mbili, akampa Ushahidi barua ya onyo na wiki tatu za kubeba kuni tu, asiguse koki wala swichi.

Siku ya nne ya kubeba kuni Ushahidi alimjia Mama Mvuke, vumbi la magome limemjaa nyusi.

"Nimesoma karatasi ya maelekezo, ile iliyobandikwa nyuma ya mlango. Inasema koki iachwe wazi nusu dakika. Nimeipima sala yako kwa simu. Mara tatu ni sekunde thelathini na moja. Shemeji, kaka hakuwa anaomba. Alikuwa anahesabu."

Mama Mvuke aliendelea kukung'uta glavu.

"Najua habari ya nusu dakika. Alipokuwa akinifundisha kazi tulitumia ile saa ya ukutani. Ilipokufa akaniambia, basi tusome hii. Nikamwuliza, sasa hapo tunaomba au tunahesabu?"

"Akasemaje?"

"Akasema, fungua koki."

Ushahidi alicheka kidogo, akaacha. "Kwa hiyo siku ile kilichotuokoa ni kipi?"

"Sijui. Niliishi na sala ile miaka kumi na mmoja, na siku niliyoitaka haikuja kwangu. Ilikuja kwako wewe usiyeitaka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mengine ulizana na mkaguzi."

Wiki tatu zikaisha. Asubuhi ya kwanza Ushahidi aliingia, akavaa glavu, akasimama mbele ya glasi mpya. Mama Mvuke alijifanya anapanga kuni. Koki ikafunguliwa, mvuke ukafoka, na katika kelele ile hakuna aliyeweza kusikia neno, ila midomo ya Ushahidi ilikuwa inacheza. Mama Mvuke aliyajua maneno kwa umbo lake. Aliyafuata kwa macho: mara moja, mara mbili, mara tatu. Nusu dakika imetimia. Akangoja mkono ufunge.

Mkono haukufunga. Midomo ikaanza ya nne.

Mama Mvuke alisimama na gogo mkononi. Kulikuwa na jambo alilotaka kuuliza, lilelile alilowahi kumwuliza mumewe, lilikuwa limefika kabisa kwenye meno.

"Shemeji," alipaza sauti, "funga koki. Utatumalizia maji."

Ushahidi akafunga. Wakainama wote wawili, na maji yakapanda kwenye glasi, yakichezacheza.