Bibi Harusi wa Morikawa

Marehemu mume wangu, Abdulsamad, hakuwa mlevi wala hakurukwa na akili. Naanza na hili kwa sababu yote mawili yamesemwa mtaani kwetu Tooting, na waliosema wamekula chakula changu.

Alikuwa mwendesha mashine za sinema. Kazi aliianza Unguja, akaiendeleza Mombasa tulikohamia baada ya mapinduzi, na mwaka 1968 akaja nayo London, pamoja nami na binti yetu Suad. Siku za wiki alionyesha filamu za kigeni katika sinema ndogo ya Wazungu. Jumapili asubuhi tulikodi ukumbi Tooting tukaonyesha filamu za Kihindi kwa wanawake peke yao, kama ilivyokuwa desturi kwetu Unguja. Palipotokea busu, Abdulsamad aliziba mwanga kwa kipande cha kadibodi mpaka lipite. Kwa hilo akina mama walimwamini, wakaja hata na wari wao, mabinti wasioolewa.

Kisha sinema ile ya Wazungu ikaonyesha filamu zote za Mjapani mmoja, Morikawa. Kampuni yake ilimwagiza filamu za majambazi; yeye akatumia fedha zao kuwachezea shere wakubwa wa koo zenye majina. Wakamfukuza. Wanafunzi wa huko Japani wakaandamana barabarani, lakini hakurudishwa. Abdulsamad alimzungumza Morikawa mezani kama mtu anayemzungumza ndugu yake aliyefungwa.

Filamu za Kihindi tulizipata kwa Pradip, mkodishaji. Nakala ilikuwa moja kwa kumbi mbili: wa Southall, upande wa pili wa mji, wakimaliza mkanda wa kwanza, yeye anautia garini anatuletea. Jumapili moja Pradip hakutokea, na ukumbi umejaa. Nikapanda chumba cha mashine. Abdulsamad alikuwa na makasha ya filamu za Morikawa kutoka kazini, ya kurudishwa kesho yake.

"Ipo ya harusi," akasema. "Watapenda."

"Ina mabusu?"

"Hata moja."

Ni kweli, halikuwamo. Ilikuwa hadithi ya bibi harusi ambaye wazee wake wameficha kwamba dada yake kajiua, ili harusi isiharibike. Wanawake hawakujua Kijapani, lakini walilia. Halafu yule bibi harusi akasimama mbele ya wazee, akavua nguo za harusi moja moja, akabaki kama alivyozaliwa, akilitaja jina la dada yake.

"Ziba!" Alikuwa Bi Sheikha, ambaye mwanawe, Jaffar, alikuwa amemposa Suad. "We Abdulsamad, umelala? Ziba, watoto wamo!"

"Mwache, Sheikha," mmoja akadakia nyuma, "keshapata mke wa pili huyo!"

Nilipofika juu, mume wangu alikuwa kashika kadibodi, machozi yanamtoka.

"Ziba, baba Suad."

"Nikimziba huyu, na mimi ni mmoja wa wale wazee."

Filamu ilimalizika mbele ya viti vitupu.

Nyumbani nilimwambia, "Kesho nenda kwa Bi Sheikha. Mwambie mashine ilikwama."

"Haikukwama."

"Najua. Suad ni mwanao."

Jumatatu akavaa koti akatoka, nami nikadhani amekubali. Jumanne nilikwenda mwenyewe, na halua, kulitia nguvu neno lake. Nikaeleza jinsi mashine ilivyokwama, na jinsi alivyoungua mkono akijaribu kuizima. Bi Sheikha aliniacha nimalize, akanimiminia kahawa.

"Bibie, mumeo alikuja jana. Kakaa hapo hapo ulipokaa. Kasema mashine nzima, mkono mzima, na hajutii. Sasa nambie, mwanangu nimwoze kwa mwendawazimu au kwa mwongo?"

Posa ikavunjika wiki ile ile. Ukumbi wetu hakuna mama aliyeukanyaga tena. Mwenye filamu akapata habari kwamba ilionyeshwa bila ruhusa yake, na Abdulsamad akafukuzwa kazi katika sinema ya Wazungu. Alifungasha biskuti kiwandani mpaka mapafu yalipomshinda. Miaka hiyo hiyo Morikawa alikuwa akitengeneza matangazo ya sabuni, kwa kuwa hakuna kampuni iliyothubutu kumpa filamu. Maziko ya mume wangu yalikuwa na watu wachache sana.

Suad hajaposwa tena. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu.

Mwezi uliopita sinema moja hapa London ilizirudisha filamu za Morikawa. Vijana walipanga foleni. Sasa wanamwita bingwa. Suad alikwenda. Aliporudi nikamwambia, "Umeona mwenyewe. Basi waambie watu kwamba baba yako alikuwa mtu wa heshima."

Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba niwaambie mimi, niliyekwenda kusema mashine ilikwama. Kisha akapanda chumbani kwake, akafunga mlango.