Uji alionipa mama asubuhi ya kutolewa haragwe kwenye pafu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Kwa sasa nipo Tunduma, mwezi ujao sijui. Ila nikisikia mtoto anakohoa chumba cha jirani gesti, akili inarudi Muyama, Kasulu, miaka ya tisini.

Nilikuwa darasa la kwanza. Tunapanda maharage, mimi natembea na mbegu mdomoni. Nikacheka, moja ikapita njia ya hewa. Sikusema, maana nilishakatazwa.

Wiki tatu za kikohozi na homa. Shangazi akasema ni kimeo, kile kinyama cha kooni, nikatwe. Baba akagoma, akanipeleka Kasulu mjini. Tabibu alisikiliza kifua, akasema upande wa kulia hewa haingii vizuri. Aliponibana nikataja haragwe.

Tukapewa rufaa ya Mwanza, mama naye akaja. Basi liliharibika, tukalala Kibondo, mimi nahema kama mzee.

Mwanza daktari hakumficha baba kitu.

"Mzee, kipimo hiki kinaitwa bronkoskopi. Tunampa nusu kaputi, tunapitisha bomba lenye taa kooni tulitoe haragwe. Wengi wanatoka salama. Lakini anaweza kuvuja damu, koo likavimba, au pumzi ikagoma. Tukiliacha, pafu litaharibika."

Baba akaweka dole gumba kwenye fomu. Tukaonywa: kuanzia usiku nisile kitu.

Sasa wakuu, kwetu mtoto hapelekwi kwenye kisu na njaa. Alfajiri mama akanipeleka nyuma ya wodi na kikombe cha uji.

"Kunywa upesi, baba yako asione."

Akanifuta mdomo kwa kitenge.

Nesi aliyekuja kunichukua alikuwa Muha wa Kibondo. Akauliza kama nimekula. Baba akajibu hapana.

Nesi hakuondoka. Akamgeukia mama, akamwambia kwa Kiha, taratibu:

"Dada, akiwa na chakula tumboni atatapika usingizini, kiingie kwenye mapafu, tumpoteze. Sikuja kugombana. Amekula?"

Mama akajibu akitazama chini:

"Nimempa uji. Kikombe kizima."

Baba akaanza kufoka. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akamkatiza:

"Baba nanihii, mwache. Yeye kasema ukweli. Wewe ulikuwa unalijibia tumbo la mwenzio."

Wodi nzima ikacheka, hata baba.

Nikaahirishwa hadi kesho yake. Siku ya bomba mama naye hakutia kitu mdomoni mpaka nilipozinduka.

Nilitoka salama. Koo liliuma, sauti ikakauka siku mbili, basi. Haragwe lilikuwa limevimba hasa.

Nilichojifunza: mkiambiwa mtoto asile, asile. Akila kwa bahati mbaya, semeni, hata kama mnaona aibu. Na daktari aulizwe hatari zote kabla ya kusaini.

Nawashukuru tabibu yule, nesi yule, na baba aliyekataa kimeo. Mama nilimshukuru miaka mingi kwa huruma ya uji ule. Kwa kukiri mbele ya wodi nzima sijawahi, na yupo hai. Nikimaliza kuandika hapa nampigia.

Kama mwanao amepitia bomba hili, mliambiwa nini kabla? Wazazi wengine wasome.