Hana Malalamiko

Mwaka ule serikali ya Zaire ilipochukua maduka ya wageni na kuwagawia wananchi, mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya zoni, yaani wilaya, hapa Kindu. Kabla ya kumnyang'anya mtu, tulianza kwa kumlinda. Sitanii. Ilikuja barua kutoka juu: kwa sheria za mataifa, dola ndiyo yenye dhamana ya mgeni aliye ndani ya mipaka yake, yeye na mali yake. Mkubwa wetu aliisoma mara mbili, akafurahi, akapeleka askari mwenye bunduki mlangoni kwa Mgiriki mwoka mikate. Wateja wakaogopa kuingia. Mgiriki akalindwa vizuri kabisa, na mikate ikamdodea.

Yule mzee alikuwa ameishi Kindu miaka mingi kuliko umri wangu. Mkate wake nilianza kuula nikiwa darasa la kwanza. Duka lake akapewa mwanachama mmoja hodari wa kupiga makofi mikutanoni, ambaye mkate aliujua ukishafika mezani. Mzee hakugombania duka. Aliomba wiki moja tu amwonyeshe mwenzake tanuru, furu kama tunavyoiita, aliyoijenga tofali kwa tofali kwa mikono yake. Akakataliwa. Treni ilikuwa kesho yake, na kumbakiza kungehatarisha usalama wake.

Mkubwa akaniambia niandae cheti cha kuondoka, nakala tatu.

"Andika: ameondoka kwa kupenda, hana malalamiko."

"Lakini iko na malalamiko, sitwaye," nilisema. "Bwana" lilikwisha kupigwa marufuku, sote tulikuwa sitwaye, yaani raia.

"Njo maana unaandika sasa, mbele ya yeye kuisema."

Mzee alitia sahihi akiwa amesimama. Kisha akainama mezani kwangu, akanong'ona: "Mutoto wangu, uwaambie. Ile furu ikipata moto sana, wasiimwagie maji. Itapasuka."

Nikaitikia. Nimwambie nani? Mwenye duka mpya alikuwa mtu wa chama, nami nilikuwa na kazi yangu. Niliogopa, basi.

Wiki haikuisha. Moto ulipomzidi, mwenye duka akamwaga ndoo mbili. Paa la tanuru likaporomoka lote, na asubuhi mji mzima ukarudi kwenye mihogo ya kuchemsha. Hapo ndipo mwenye dhamana alipoanza kutafutwa kwa bidii, na akapatikana upesi: mgeni aliiharibu furu kabla ya kuondoka.

Mkubwa akaniita tuandike ripoti. Hakuwa mtu wa kuonea watu, alitaka ushahidi.

"Wewe njo ulikuwa naye mwisho. Alisema kitu juu ya furu?"

Nilimwona tena yule mzee ameinama mezani kwangu. Aibu ile ninayo hadi leo.

"Hapana, sitwaye. Hakusema kitu."

Nikalipiga taipu na hilo, nakala tatu.