Samaki Aliyepandishwa Guta la Taka

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, na mwalimu hafichi maksi. Kila nilipomwonyesha kazi zangu alisema, "Hizo takataka zako, mwanangu, zitatuletea panya." Mimi natengeneza sanamu kwa vitu vinavyotemwa na bahari kule Mbweni: ndala, vifuniko, vipande vya nyavu. Kwenye maonyesho yangu hakuja hata mara moja, nami nikajifanya sijali. Nilijali sana.

Mwaka huu nilitengeneza samaki mkubwa, tumbo limejaa chupa za maji, maana ndicho tunachowalisha samaki siku hizi. Maonyesho yalikuwa Jumamosi alasiri. Asubuhi nikamfumua vipande vipande, nikavitia kwenye viroba, nikavipanga mlangoni kusubiri kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha kukodi. Kisha nikaenda kuoga.

Mlangoni! Jumamosi! Mtaani kwetu Tabata, Jumamosi ni siku ya usafi, na kiroba kilichowekwa mlangoni ni taka. Majirani zetu nao ni watu wema mno, hawapiti kiroba cha mwenzao bila kukibeba. Nilitoka bafuni na povu masikioni nikakuta mlangoni peupe, na jirani wa mbele anatabasamu.

"Tushakusaidia, dada. Guta la taka limeondoka sasa hivi."

Nikakaa chini na kanga yangu ya kuogea. Mama alikuwa anapeta mchele. Aliniangalia, akaangalia mlangoni, akaweka ungo chini. Akajifunga kanga kiunoni na kutoka mbio, yeye anayelalamikia magoti tangu nizaliwe.

Nilivaa haraka nikamfuata. Nikamkuta kwenye kona ya duka la dawa, kalishika lile guta la magurudumu matatu kwa nyuma, anafoka kwa sauti ya paredi ya shule.

"Shusha! Shusha vyote! Samaki mzima wa mwanangu mnakwenda kumtupa?"

"Shikamoo, mama," alisema mwenye guta. "Mie nimepewa tu, jamani."

"Marahaba. Shusha."

Majirani wakaja kusaidia tena, safari hii kwa vicheko. Viroba vyote vilifanana, ikabidi tufungue kimoja kimoja pale barabarani, mapezi huku, maganda ya ndizi kule. Jicho la kushoto lilichomolewa kwenye ugali wa jana. Tulicheka mpaka mwenye guta akakaa chini.

Kirikuu kilipofika, mama alipanda nyuma na kuupakata mkia. Nikamwambia atachafuka.

"Twende," akamwambia dereva.

Alasiri watu walimzunguka yule samaki, ambaye bado alinukia ndizi kidogo. Mgeni mmoja akauliza hii kazi ni ya nani. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kisanii, mama akanishika mkono na kuuinua juu, kama refa anavyomwinua mkono bondia aliyeshinda.

"Ya huyu hapa," akasema. "Nimemzaa mimi."

Nikalia mbele ya watu wote, kwa furaha.