Mikono Miwili ya Kushoto

Watu husema mawifi hawaivi chungu kimoja. Waache waseme, hawakumjua wifi wa fundi huyu wa nguo.

Fundi alikuwa na kipandauso tangu ujanani. Kilipomshika, upande mmoja wa kichwa ulimgonga, mwanga ukamchoma macho, akajilaza na pazia likafungwa mpaka kipite. Kikishapita, alirudi kwenye cherehani akiwatania wateja wanaoleta kitambaa kifupi na kutaka gauni refu.

Mwaka ule kichwa kikawa kinapoa, yeye harudi. Chakula hakikuwa na ladha, usingizi wa mang'amung'amu, na alijiona mzigo kwa mumewe. Siku moja akashona shati la shule lenye mikono miwili ya kushoto, kosa ambalo hata mwanagenzi angelionea haya. Akasema basi, kazi imemshinda, na akatafuta mtu wa kununua cherehani, akampata mmoja aliyeahidi kuja kukichukua.

Wifi yake, aliyekuwa akidarizi mle mle dukani, aliliokota shati akaanza kuufumua mkono mmoja.

"Wifi," alisema bila kuinua macho, "kichwa kilipoa juzi. Leo kinachokuuma ni nini?"

"Sijui. Naona sina maana tena."

Akalia. Wifi hakumwambia ajikaze, na Mungu ambariki kwa hilo, maana neno hilo fundi alishaambiwa hadi masikio yakaota sugu. Alimshika mkono, wakaenda zahanati.

Daktari aliwaeleza kwamba kipandauso na sonona hufuatana mara nyingi: mwenye kimoja hupatwa na kingine kwa urahisi zaidi, na kila kimoja humzidishia mtu kingine. Si uvivu, wala si kudeka. Alimpa dawa, akampangia na siku za kuzungumza na mshauri. Haikuwa kufumba na kufumbua, lakini kidogo kidogo wateja wakaanza tena kutaniwa.

Ndipo fundi alipomkumbuka yule mnunuzi. Akauliza mbona hakutokea.

"Alikuja," wifi alisema. "Nikamwambia cherehani chako kinatafuna vitambaa."

Fundi alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaweka mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Ungemwachia akichukue, wifi, leo ningeamka niende wapi? Asante."

Kipandauso bado humjia mara moja moja. Wifi hufunga pazia. Kikipita, hulifungua mwenyewe na kumwita fundi kazini, na fundi huja.