Shangazi na steringi wa Kijerumani

Jamani, nani mwingine ana shangazi kama wangu?

Leo nimempeleka ukumbi wa sinema wa Edgbaston, huku ughaibuni, kuona filamu ya kale ya Kijerumani, ya majambazi. Haina sauti, kuna mpiga piano tu.

Shangazi akauliza kwa nguvu: "DJ wa kutafsiri, kama wa mabanda ya video kwetu, yuko wapi?"

Nikamwambia hayupo.

Basi akaanza kutafsiri yeye! Kwa Kiswahili cha Manzese, ukumbi mzima unasikia. Bibi mmoja wa Kizungu akatugeukia. Nikatamani ardhi inimeze.

Mara mpelelezi, ndiye shujaa wa filamu, akaruka kutoka kwenye treni, akazama mtoni.

"Msiogope," shangazi akatangaza, "steringi hafi!" Akamwinamia yule bibi: "Steringi, no die!"

Sote tukakodolea macho maji.

Mkono ukachomoza majini.

Na wa kwanza kusimama, ngumi juu, alikuwa yule bibi:

"STERINGI HAFIII!"