Akala Kubwa na Hatua Fupi

Shule mimi niliiacha katikati, kama mtu anayeacha ugali kwa sababu ameitwa nje. Ukikuta sentensi imepinda, cheka tu. Kuchekwa nimezoea, na wakati mmoja ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila jioni.

Nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya serikali pale Lodwar, ya bweni. Darasa la sita kwa akili. Kwa mwili nilikuwa wa la tatu. Kapteni wa bweni letu alikuwa wa la nane, mtoto wa mjini, ndevu zimeanza kuchungulia, na sisi wadogo tulikuwa vyombo vyake vya nyumbani. Mmoja anamfulia. Mwingine anamchotea maji kwenye visima vya mchanga kule lugani, kwenye mto mkavu. Mwingine anamgawia nusu ya githeri, yaani mahindi na maharagwe yake. Mimi nilikuwa redio. Ananipandisha juu ya sanduku nichekeshe bweni, na nisipochekesha, mshipi unatoka kiunoni. Basi nilichekesha vizuri sana.

Mtu mmoja tu ndiye alikataa, na huyo tuliketi naye dawati moja. Alitoka Sudan vita vikimfukuza, akaishi kambini Kakuma na mama yake na wadogo zake, halafu watu wa kanisa wakamtafutia nafasi kwetu. Alikuwa mrefu, hata akiketi ungedhani amesimama. Kwao alikuwa ameshachanjwa mistari ya kipaji cha uso, yaani amehesabiwa mwanaume, na mwanaume hafulii mwanaume mwenzake suruali. Kapteni alipomtupia nguo chafu, alizikunja vizuri akazirudisha juu ya kitanda cha mwenyewe.

“Wewe mkimbizi,” kapteni akamwambia, “unakula chakula ya bure na bado uko na kiburi?”

Mahindi ya shule yetu yalitoka kwenye magunia ya msaada yale yale ya kambini, lakini hapo si mahali pa redio kuongea.

“Malesh,” akajibu rafiki yangu. Ni samahani kwa Kiarabu chao. “Mimi nafua yangu. Wewe fua yako.”

Tangu siku hiyo godoro lake likawa linamwagiwa maji. Vitabu vinapatikana chooni. Kwenye foleni ya chakula anasukumwa mpaka nyuma, na wadogo wanafundishwa kumwimbia “mkimbizi, rudi kwenu”.

Utauliza, si mngesema? Kila Ijumaa kwenye paredi hedimasta alikuwa anauliza, “Kuna mtu ana shida?” Kapteni anasimama nyuma yetu, mikono mgongoni, anaangalia ni mkono gani utainuka. Hakuna aliyekuwa na shida. Tulikuwa shule yenye raha kuliko zote Kenya.

Rafiki yangu aliinua mkono mara moja. Hedimasta, mtu wa kutoka kusini, tunakoita huko chini, kwenye baridi na majani ya chai, alimsikiliza akiangalia saa. “Hii ni shule, si kambi,” akasema. “Nikikuona tena katika vurugu, utarudi Kakuma.”

Rafiki yangu akashusha mkono. Baadaye aliniambia polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokota, “Nyumbani tulichagua mtu mmoja kusoma. Ni mimi. Nikirudi, hakuna mwingine.”

Hata kapteni alikuwa amesikia hayo maneno ya kurudi Kakuma. Kumpiga hakukuwa na haja tena. Alihitaji vurugu moja tu.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta tangi la maji nyuma ya jikoni limekauka. Mtu alikuwa amefungua mfereji usiku, na maji ya wiki nzima yamelala mchangani. Uji hakuna. Kutoka mlango wa bweni mpaka tangini, kwenda na kurudi, kulikuwa na nyayo za akala, na akala hizo kila mtu alizijua. Ndizo zilikuwa kubwa kuliko zote, zimekatwa kwa tairi la lori, na moja kisigino chake kilikuwa kimeliwa upande. Za rafiki yangu. Usiku viatu vyote tuliviacha mlangoni.

Kapteni alimleta hedimasta, uso wa huzuni kama wa mtu aliyefiwa. “Mwalimu, sisi hatupendi kusema mwenzetu. Lakini angalia mwenyewe.”

Hedimasta akaangalia nyayo. Akaangalia miguu ya rafiki yangu.

“Leta sanduku lako. Kuna lori inaenda Kakuma asubuhi hii.”

“Si mimi, mwalimu.”

“Leta sanduku.”

Sasa nikuambie kitu. Sisi karibu wote tulikuwa tumechunga mbuzi kabla ya kushika penseli. Mimi nilichunga kule Lokiriama, na kule mtoto anayeshindwa kusoma nyayo analala bila maziwa. Nyayo si kiatu, nyayo ni mwendo. Rafiki yangu alitembea kama anaruka mtaro, hatua ndefu, vidole mbele. Hizi zilikuwa hatua fupi, vidole vimeangalia nje kama bata, na mguu umeteleza ndani ya akala kwa sababu ni kubwa kwake. Hakuna mchungaji angejaribu ujanja kama huo. Ungejaribiwa na mtoto wa mjini, aliyedhani ukivaa kiatu cha mtu umevaa na miguu yake.

Kwa hivyo shule nzima ilijua. Wote tulikuwa tunaangalia miguu ya kapteni. Kapteni alikuwa anaangalia macho yetu.

Rafiki yangu akarudi na sanduku kichwani, limefungwa kwa kamba. Na jua lilikuwa linapanda. Upepo wa Lodwar hauchelewi. Ukianza, unafuta kila kitu, na mchanga unabaki safi kama ubao wa Jumatatu.

“Mwalimu,” nikasema. Sauti ilitoka ya mbuzi.

“Redio imewaka,” kapteni akasema kwa upole, na wachache wakacheka.

“Unasemaje?” hedimasta akauliza.

“Nasema huyu rafiki yangu amefupika usiku.”

“Unanichezea?”

“Hapana, mwalimu. Akala ni yake, mwendo si yake.”

“Ni ya nani?”

Nilihisi kapteni nyuma ya shingo yangu, karibu kabisa. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Jina lilifika kwenye ulimi likakaa hapo.

“Kila mtu avae, mwalimu. Atembee hapa kando ya hizi. Naanza mimi.”

Nikavaa akala za rafiki yangu. Zilikuwa mitumbwi. Nilipiga hatua, nikaanguka na uso mchangani, na watoto wakacheka kweli kweli, kicheko ambacho hakikuniomba ruhusa. Rafiki yangu akaweka sanduku chini, akapita na hatua zake za kuruka mtaro. Wakapita wengine. Hedimasta alikuwa amechuchumaa, ameacha kuangalia saa.

“Wewe,” akamwambia kapteni.

“Mimi ni kapteni, mwalimu.”

“Vaa.”

Alijaribu kunyoosha hatua. Alizinyoosha mpaka akala ikakwama, akayumba, na ule mwendo wake ukarudi wenyewe, vidole nje, kisigino kinateleza.

Mtoto mmoja wa darasa la nne, yule wa kumfulia, akanyoosha kidole chini.

“Hiyo.”

“Hiyo, mwalimu,” akasema wa githeri.

“Hiyo.” “Hiyo.” Ikazunguka mpaka nyuma.

Upepo ulianza tukiwa bado tumesimama. Lori likapiga honi barabarani, likangoja kidogo, likaenda. Hedimasta alimpeleka kapteni ofisini, na akipita akamwambia rafiki yangu, “Rudisha hiyo sanduku.” Malesh hakusema.

Swali la Ijumaa hedimasta aliliacha. Alimwambia mwalimu mmoja mama kwamba mwenye shida aende mlangoni kwake, peke yake, saa yoyote. Mimi nilienda hata bila shida, kulikuwa na chai. Kapteni alinyang'anywa ukapteni, lakini kitanda chake kilibaki juu ya changu mpaka muhula ukaisha, na kila kilipolia nilishtuka. Rafiki yangu alisogeza chake kikagusana na changu. Sanduku lake halikukaa wazi tena: kila jioni anafungua kamba, anatoa sabuni, anafunga, kama mtu anayengoja lori.

Mwaka uliofuata kiangazi kilimaliza mbuzi wetu, nikaitwa nyumbani. Yeye ndiye alinibebea sanduku mpaka barabarani, na akala zake zile zile. Mimi nilifuata nyuma nikijaribu kukanyaga ndani ya nyayo zake. Sikuzifikia. Ilibidi niruke.